Kabla ya Kuinuka kwenye Kompyuta ya Saiba

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Juni, saiba za Bungoma na Kitale hufurika. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), na anayechelewa hutozwa faini. Mwalimu kutoka Kimilili yupo, muuguzi yupo, mwenye duka la pembejeo yupo, na kijana aliyechukua PIN ya kodi kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB na bado hajapata kazi pia yupo. Wote wanangojea mashine chache zile zile. Wengi humlipa mhudumu awafanyie, na si vibaya, kwa kuwa ameizoea kazi. Kinachonihuzunisha ni namna tunavyoondoka. Mtu humtajia mhudumu nywila yake foleni nzima ikisikia, akishapata risiti anashukuru na kwenda zake, huku kwenye mashine ile amebakisha picha ya kitambulisho, PIN, hati ya mshahara na barua pepe iliyo wazi.

Ushauri mwingi wa kompyuta unaofundishwa kwenye kozi za pakeji umetungiwa mtu mwenye mashine yake mwenyewe, chumba chenye mlango, stima isiyopotea na intaneti isiyopimwa. Kwetu kompyuta ni ya watu wengi: saiba, ofisi ya shule, ofisi ya kanisa, maktaba ya chuo. Ndiyo maana nikiulizwa mtu wa hapa aanze kujifunza vitufe gani vya mkato, sivitaji kwanza vile vya kuongeza kasi. Nataja vinavyomlinda yeye na kazi yake. Kasi itakuja baadaye bila kuitwa.

Basi ukiketi mbele ya kompyuta isiyo yako, kabla hujaandika chochote, fungua kivinjari kisha ushikilie Ctrl na Shift kwa pamoja na uguse N. Kwenye Chrome na Edge hilo hufungua dirisha la faragha. Kwenye Firefox herufi ni P badala ya N. Ingia humo kwenye tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen, ya kodi ya iTax, ya nafasi za vyuo ya KUCCPS, au kwenye barua pepe yako. Ukimaliza na kufunga dirisha, kivinjari husahau kurasa ulizotembelea na akaunti ulizoingia. Ila hakikisha madirisha yote ya faragha yamefungwa, kwa sababu likibaki hata moja, kikao chako bado ki hai na anayeketi baada yako anaweza kukuta akaunti yako ikimngoja. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kikatalie.

Dirisha la faragha lina mpaka wake, na hapo ndipo wengi hukosea. Faili uliyoipakua hubaki kwenye mashine hata kama uliipakua ukiwa kwenye faragha. Fungua folda ya Downloads kwenye saiba yoyote mjini na uone: vyeti vya KCSE, vitambulisho vya pande zote mbili, hati za mashamba, barua za kuitwa kazini, majina na nambari za simu za watu ambao hujawahi kuwaona. Hawakuwa wazembe. Hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo kabla ya kuinuka, gusa Ctrl na J ili uone orodha ya ulivyopakua, fungua folda yenyewe, chagua faili zako na ubonyeze Shift pamoja na Delete. Ukibonyeza Delete peke yake faili huenda tu kwenye pipa la taka la kompyuta, na yeyote anaweza kuirudisha. Ukiongeza Shift haipitii pipa. Kwa hiyo pia soma jina la faili mara mbili kabla ya kukubali.

Kuna hifadhi nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwenye Windows 10 na 11, kitufe cha Windows, kile chenye alama ya dirisha, kikibonyezwa pamoja na V huonyesha vitu ulivyonakili karibuni, hadi 25, mradi mwenye mashine amewasha huduma hiyo. Kwa anayeandika ripoti nyumbani ni msaada mkubwa, kwani ananakili vipande vitano kutoka kurasa tofauti na kuvibandika kimoja kimoja anapovihitaji. Kwenye mashine ya umma, nywila uliyoinakili kutoka barua pepe inaweza kuwa imelala humo ikimsubiri mteja anayefuata. Bonyeza Windows na V, kisha uchague kufuta vyote. Kuzima na kuwasha mashine pia huifuta orodha hiyo, isipokuwa kitu kilichobanwa kwa makusudi.

WhatsApp nayo inahitaji uangalifu. Siku hizi hati nyingi hufika saiba kwa mteja kuunganisha WhatsApp yake na kompyuta ili faili iprintiwe. Ukifanya hivyo, usitegemee kufunga dirisha. Chukua simu yako, ingia kwenye mipangilio, tafuta vifaa vilivyounganishwa, na ukiondoe kile cha saiba na chochote usichokitambua. Fanya hivyo leo hata kama hujaenda saiba mwezi mzima.

Kwa walio ofisini, kuna mkato mmoja ambao ningetaka kila karani, kila mwalimu mkuu na kila mweka hazina wa chama cha akiba auzoee kama kufunga mlango: Windows na L. Skrini hujifunga papo hapo, kazi yako ikibaki ilivyo ndani. Unaitwa nje dakika mbili kusalimia mgeni, unagusa vitufe hivyo viwili, unakwenda. Alama za wanafunzi na orodha za mishahara hazipaswi kukaa wazi mbele ya kila anayeingia kuuliza jambo.

Na wewe mwenye saiba, hili lakuhusu zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kwa muda unaozidi haja iliyozileta. Kitambulisho kilichoskaniwa mwezi Machi kwa ajili ya maombi ya kazi hakina haja ya kuwapo kwenye mashine yako mwezi Septemba. Safisha folda kila jioni unapofunga. Weka akaunti ya wateja isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu, na yako iwe tofauti na yenye nywila. Wateja wakijua kwamba kwako karatasi zao ziko salama, watarudi na watawaleta jirani zao.

Nirudi kwenye ritani, maana kuna jambo linalowakwamisha wengi. Asiye na kipato huwasilisha ritani sufuri moja kwa moja kwenye iTax bila kupakua fomu yoyote, na kwa kweli anaweza kuifanya mwenyewe kwa dakika chache. Anayetumia fomu ya Excel ndiye hukutana na tatizo: anaifungua, anajaza, anabonyeza kitufe cha kuhakiki, na hakuna linalotokea. Kinachozuia mara nyingi ni Microsoft. Fomu ile hutegemea makro, yaani maagizo madogo yaliyofichwa ndani ya jedwali, na tangu 2022 Microsoft imekuwa ikiyafunga kwa faili zilizotoka kwenye intaneti kwa sababu wahalifu walikuwa wakiyatumia kusambaza virusi. Ifunge fomu. Itafute mahali ilipohifadhiwa, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, na chini kabisa utaona kisanduku kilichoandikwa Unblock. Kitie alama, kubali, kisha uifungue tena. Sasa kitufe cha kuhakiki kitafanya kazi na kukutengenezea faili ya zip, ambayo ndiyo unayoipakia kwenye iTax. Fanya hivi kwa fomu uliyoipakua mwenyewe kutoka tovuti ya KRA, na kamwe usifanye kwa jedwali ulilotumiwa na mtu usiyemjua.

Risiti na vyeti kutoka eCitizen navyo, usikimbilie kuviprinti. Bonyeza Ctrl na P, na mahali pa kuchagua printa chagua kuhifadhi kama PDF. Itume faili hiyo kwenye barua pepe yako. Ukitakiwa karatasi kesho kwenye Huduma Centre utaiprinti wakati huo, na ikipotea utaiprinti tena bila kurudi kwenye tovuti na bila kulipia kutafutiwa upya. Ukihitaji kipande tu cha skrini, labda nambari ya malipo au ujumbe wa kosa unaotaka kumwonyesha fundi, tumia Windows, Shift na S, uchague sehemu hiyo kwa kipanya, kisha uibandike kwa Ctrl na V popote unapotaka. Hakuna haja ya kuipiga skrini picha kwa simu na kumtumia mtu picha yenye giza na mistari.

Sasa stima. Anayeishi huku upande wa Mlima Elgon anajua jinsi mvua za alasiri zinavyokuja na radi, na kompyuta ya mezani haina betri. Stima ikipotea imezimika, na kila ulichoandika tangu ulipohifadhi mara ya mwisho kimekwenda nayo. Dawa ya kwanza ni mazoea ya mkono: hati mpya ipe jina na uihifadhi kabla ya kuandika aya ya kwanza, kisha Ctrl na S kila unapomaliza sentensi ya maana. Dawa ya pili ni kubadilisha mpangilio mmoja. Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Ingia File, kisha Options, kisha Save, uandike 1 mahali palipoandikwa 10. Dakika moja ya kazi inaandikika upya. Dakika kumi za kuchapa mtihani wa hesabu wenye sehemu na michoro zinaumiza moyo. Stima ikirudi, fungua Word kwanza kabla ya kuanza upya, kwa sababu mara nyingi itakuletea yenyewe nakala iliyookolewa. Kama ofisi inaweza kununua UPS, iinunue. Hata ikishikilia dakika chache tu, zinatosha kuhifadhi na kuzima mashine kwa utaratibu. Radi ikianza, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Bando nalo huliwa kimyakimya. Umenunua data ya siku, umeunganisha kompyuta na simu, na kabla hujatuma hata barua moja Windows imeanza kujipakulia masasisho. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, fungua jina la Wi-Fi ya simu yako, na uwashe chaguo la Metered connection. Kuanzia hapo Windows huiheshimu data yako na kuacha masasisho mengi hadi upate mtandao mwingine. Lakini yasiachwe milele. Ukipata Wi-Fi ya chuo au ya ofisi, yaruhusu yaingie, maana ndani yake mna viraka vya usalama.

Flashi ndiyo njia kuu ya virusi katika miji yetu, na kuna kimoja ambacho kila mwalimu amewahi kukutana nacho. Unachomeka flashi iliyotoka kutumika kuprinti, unakuta kila folda imegeuka kuwa ikoni yenye mshale mdogo, au faili zote zimetoweka ilhali flashi inaonyesha imejaa. Mtu hushtuka, na anayemsaidia humwambia aifomati. Usifomati. Faili zako ziko hapo hapo, kirusi kimezificha tu. Usibofye ikoni hizo zenye mshale, kwani kuzibofya ndiko kunakokiamsha. Kwanza ibonyeze flashi kwa kitufe cha kulia na uichunguze kwa programu ya usalama ya Windows. Kisha tazama flashi imepewa herufi gani, tuseme ni E. Bonyeza Windows na R, andika cmd, kubali, na kwenye dirisha jeusi linalofunguka andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Faili hurudi kuonekana, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina. Zinakili mahali salama, futa zile ikoni za mshale, na hapo ndipo unaweza kuifomati flashi ukipenda. Nimeona mitihani ya muhula mzima ikirudi kwa mstari huo mmoja.

Vitufe vya kila siku vina mantiki yake pia, na ukiielewa hutavisahau. Kukata, kunakili na kubandika ni kazi iliyobuniwa na Larry Tesler na mwenzake Tim Mott katika maabara ya Xerox kule California miaka ya 1970. Tesler alifariki Februari 2020, na mchango wake unatumika kila dakika kila mahali penye kompyuta. Herufi zilizochaguliwa baadaye ni Z, X, C na V, na ukitazama kibodi utaona zimepangana mstari wa chini upande wa kushoto, karibu na Ctrl. Mkono wa kushoto unafanya kazi hizo nne huku wa kulia ukiwa haujaachia kipanya. Z hutengua kosa ulilofanya sasa hivi, X hukata, C hunakili, V hubandika. Kati ya zote nne, Z ndiyo inayowafaa zaidi wanaoanza. Umefuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya? Usiguse kitu kingine, bonyeza Ctrl na Z. Hata faili uliyoihamishia folda isiyo yake hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Kichupo cha kivinjari ulichokifunga kwa haraka hurudi kwa Ctrl, Shift na T, ingawa si kwenye dirisha la faragha la Chrome. Alt na Tab hukuhamisha kutoka dirisha moja hadi jingine. Usipojua programu au mpangilio ulipo, gusa kitufe cha Windows na uanze kuandika jina lake. Haya ni mepesi, yatakaa mkononi yenyewe.

Kwa walimu na makatibu wa vikundi wanaojaza orodha ndefu, kuna kero ya nambari za simu. Unaandika 0722 na kuendelea, Excel inaifuta sufuri ya mwanzo kwa kudhani ni hesabu. Kabla ya kuandika, chagua safu nzima na uibadilishe iwe Text. Kama ni nambari moja tu, tanguliza alama ya mtajo mmoja, ile ya ng'ombe, kisha nambari. Orodha ya wazazi mia mbili isiyo na sufuri haiwezi kutumika kutuma ujumbe, na kuirekebisha baadaye ni kazi ya usiku. Unapozipa faili majina, gusa F2 badala ya kubofyabofya, na uanze na mwaka, mwezi, siku: 2025-06-30 ritani. Folda itajipanga yenyewe kwa tarehe, na utakachotafuta utakikuta mahali pake.

Mashine ikiganda, usikimbilie kitufe cha kuzima. Ctrl, Shift na Esc hufungua Task Manager. Chagua programu iliyokwama, uifunge hiyo peke yake, nyingine zibaki salama. Skrini ikiwa nyeusi ilhali mashine inanguruma, jaribu Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, inaweza kuamka. Projekta ya ukumbini isipoonyesha kitu, bonyeza Windows na P kisha uchague Duplicate. Na ujumbe wa Sticky Keys ukikurukia, si kirusi. Umegusa Shift mara tano mfululizo, ukatae tu.

Limebaki suala la mashine zenyewe. Kompyuta nyingi za saiba na shule zetu ni zile za mitumba kutoka ng'ambo, imara lakini za miaka, na hutumia Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na imetoa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa mpya kuliko zile zilizo nyingi huku. Usishawishiwe kuitupa mashine nzima. Kwa kazi za kawaida, yaani kivinjari, barua pepe na kuchapa hati, Linux Mint haina malipo na huenda vizuri kwenye mashine ya zamani. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu siku nzima kabla ya kuisakinisha. Ctrl na C, Ctrl na Z, Alt na Tab hufanya kazi humo vile vile, LibreOffice hufungua hati za Word, na KRA imekuwa ikitoa fomu ya ritani ya aina ya ODS kwa wasiotumia Excel. Saiba yenye mashine sita inaweza kuanza na moja, ile iliyo mbali na mlango, na kuwaachia wateja wenyewe waizoee. Kabla ya kusakinisha tu, nakili kila kilichomo kwenye diski ya nje na ukifungue huko kuhakikisha kinasomeka, maana usakinishaji ukipewa diski nzima hufuta vyote.